Sifa ya Bisibisi

Hapa mtaani Makadara, hatua chache kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, fundi wa redio afunguapo kifuniko cha nyuma hana pupa: kila skrubu aitoayo huiweka katika kisosi, kwa utaratibu ule ule zilivyotoka, maana ayajua madhara ya skrubu moja ipoteapo.

Kisosi hicho ndicho nilichokikumbuka niliposoma habari za Mei 2009, pale mwanaanga Michael Massimino, akielea zaidi ya kilomita 500 juu ya ardhi, alipokitengeneza chombo kimojawapo cha darubini ya Hubble kilichozimika tangu 2004 kwa hitilafu ya umeme. Kilifunikwa kwa bamba lenye skrubu 111, wala waliokiunda hawakudhani kwamba mkono wa binadamu ungekuja kukifungua huko. Kisosi chake yeye kilikuwa bamba la plastiki angavu, lililofungwa juu ya skrubu ili zikitoka zisielee zikapotea. Na kishikio kilichomzuia njia, ambacho skrubu yake moja ilisagika kichwa, alikivunja kwa nguvu za mkono.

Mwenye redio, kabla ya kutoa fedha, aghalabu huuliza kama si heri anunue mpya. Na suala hilo halali, wenye satelaiti nao hulipima. Intelsat 901, iliyorushwa mwaka 2001, ilikuwa nzima ila mafuta yake ya kujiweka mahali pake, kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, yalikaribia kwisha. Februari 2020 chombo kiitwacho MEV-1 kiliishika kwa kupenyeza mkono katika bomba la injini yake, kwa kuwa haikuundiwa pa kushikwa, kikawa injini yake kwa takriban miaka mitano.

Pwani yetu nayo yaijua hasara ya kukosa fundi: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, ilirushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza mahsusi kwa kuchunguza eksirei za nyota, Machi 1973 ikakoma kazi, na hapakuwa na wa kuiandama.

Kwa hiyo namsifu mwundaji mwenye insafu, akiriye tangu mwanzo kuwa kazi ya mikono yake itaharibika, akamwachia ajaye baadaye pa kutia bisibisi. Ndivyo ilivyoundwa satelaiti ya Solar Max, ambayo sehemu yake mbovu ilibadilishwa angani Aprili 1984.

Redio ya Makadara ilikwisha kufungwa wakati wa adhana ya alasiri, ikisema, na kisosini hamkusalia kitu.