Neno, Nafasi na Jicho la Mpita Njia: Lugha na Umbo la Mabango ya Albamu katika Kitengela na Kajiado

Uhakiki wa muziki wa Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na maneno ya nyimbo, na kwa kiasi kidogo zaidi na ala na mahadhi yake. Karatasi inayobandikwa ukutani ili kuutangaza muziki huo imeachiwa wachapaji, kana kwamba si maandishi. Hata hivyo karatasi hiyo ina maneno yaliyoteuliwa, maneno hayo yamepangwa kwa utaratibu fulani, na ipo hadhira inayoisoma au inayopita bila kuisoma. Makala haya yanakusudia kulichunguza bango la albamu kama utungo, na kuuliza ni mambo gani yanayolifanya lifaulu au lishindwe kutimiza dhima yake. Uwanja wa uchunguzi ni miji miwili ya kaunti moja nchini Kenya, Kitengela na Kajiado, ambayo yote imo kwenye barabara iendayo Namanga. Hoja inayotetewa ni kwamba aghalabu bango la Kiswahili hushindwa si kwa umaskini wa picha wala wa karatasi, bali kwa kuwa msanifu wake hakuizingatia lugha anayoichora.

Kitengela, mji ulio kiasi cha kilomita 30 kusini-mashariki mwa Nairobi, ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000 mwaka 2019. Wengi wao ni wahamiaji waliofuata viwanda vya Athi River na ardhi ya kujengea nyumba. Kutokana na hali hiyo, kuta zake zimesongwa na maandishi. Bango la mwimbaji hubandikwa juu ya uso wa mwanasiasa aliyekwisha kushindwa, kando ya tangazo la mganga, na mara nyingine juu kabisa ya maneno yanayokataza kubandika matangazo. Jirani yake mkubwa, hata hivyo, ni tangazo la ploti. Inafaa kukiri mapema kwamba muuza ploti ni fundi kuliko mtangazaji wa muziki. Yeye huandika neno moja kubwa, yaani kitu anachouza, chini yake huandika bei na umbali kutoka lami, kisha hunyamaza. Hana picha ya kujivunia wala wageni wa kuheshimu. Mpita njia akiulizwa baadaye ameona nini, ataitaja ploti, na pengine hata bei. Mwimbaji ambaye hapigiwi nyimbo zake redioni, na ambaye amelipa gharama za uchapaji kwa fedha zake mwenyewe, hawezi kumudu kushindwa na jirani huyo.

Suala la kwanza ni masafa. Gari linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde, na kwa hiyo abiria anayeliona bango kutoka mita 30 ana sekunde mbili tu za kulisoma. Wachoraji wa mabango ya barabarani hufuata kanuni kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomwa kwa wepesi kutoka mita 3 hivi. Kwa kanuni hiyo, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, mita 12 kutoka ukutani, anahitaji herufi ya sentimita 10. Karatasi ya A2, iliyo kubwa kati ya zile ambazo wanamuziki wengi wanaweza kuzilipia, ina upana wa sentimita 42. Herufi nene ya kimo hicho huchukua takriban sentimita 7 za upana. Basi mstari mmoja hubeba herufi sita.

Herufi sita ni kipimo kinachostahili kufikiriwa na wanalugha. Kiingereza, chenye maneno mengi mafupi, kinaweza kujipatia humo neno zima bila taabu. Kiswahili huambatanisha, neno lake moja laweza kuwa sentensi kamili, lenye mtenda, wakati na kauli. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, albamu ya nyimbo za dini iliyopewa jina Tumekombolewa. Jina hilo ni fasaha, nalo linasema kwa neno moja jambo ambalo lugha nyingine huhitaji maneno matatu au manne kulisema. Lakini lina herufi 13, na kwa kipimo kilichotajwa lingehitaji karatasi yenye upana wa sentimita 91. Msanifu asiyelijali neno hulikata pale karatasi inapoishia. Akilikata katika mistari mitatu iliyo karibu kulingana, mstari wa kwanza utasomeka TUME, jambo litakalomkumbusha mpita njia habari za uchaguzi. Wa pili utasomeka KOMBO, yaani upogo. Na wa tatu, ulio peke yake chini ya uso wa mhubiri, utasomeka LEWA. Mfano huu unachekesha, lakini unaonyesha jambo zito: katika Kiswahili, pahali pa kukata neno ni suala la sarufi kabla ya kuwa suala la uchoraji. Mkato unaoheshimu mzizi, yaani viambishi vya mwanzo katika mstari mmoja kwa herufi ndogo zaidi, na shina lote katika mstari wa pili kwa herufi kubwa zaidi, humwachia msomaji neno analoweza kuliunganisha kwa kutupa jicho mara moja.

Suala la herufi kubwa na ndogo limefungamana na hilo. Karibu kila bango huandika jina la albamu kwa herufi kubwa tupu, kwa imani kwamba ukubwa ni sauti. Lakini Kiswahili kimejaaliwa herufi ndogo zinazopanda juu ya mstari, kama k, b, l, h na t, ambazo hulipa neno umbo la milima na mabonde. Neno likiandikwa kwa herufi kubwa tupu, umbo hilo husawazishwa likawa kama ukuta. Isitoshe, herufi kubwa huleta tatizo jingine ambalo ni la Kiswahili hasa. Viambishi vinavyorudiarudia katika lugha hii, kama vile WA, YA, VYA na TA, ni jozi zile zile zinazowatesa wachapaji duniani kote, kwa sababu mshazari wa A na mshazari au mkono wa herufi jirani huacha pengo katikati. Neno kama TAYARI lina mapengo matatu kati ya herufi zake nne za kwanza. Likipanuliwa kufikia kimo cha sentimita 10, mapengo yasiyoonekana kwenye kitabu huwa mianya, na neno huonekana limemeguka vipande. Kompyuta haitoi dawa kamili. Sharti jicho la mtu liisogeze herufi kwa herufi. Msanifu anayefanya kazi hiyo kwa makini ameitumikia lugha kuliko anayeongeza miali ya nuru nyuma ya jina.

Yamkini atatokea mtu wa kupinga akisema kwamba mabango mashuhuri ya muziki hayakusomeka kwa wepesi. Ni kweli kwamba Wes Wilson, katika mabango yake ya San Francisco ya mwaka 1966, alizipinda herufi zikajaza nafasi kama moto, na mabango hayo yakafaulu sana. Lakini hadhira yake ilikuwa ya vijana waliopenda kusimama na kufumbua fumbo, na ugumu wenyewe ulikuwa alama ya kundi lao. Abiria wa Kitengela anayekimbilia matatu ya saa kumi na mbili asubuhi hana nafasi hiyo, wala hajaombwa kujiunga na kundi lolote.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa kuwa linatoka ndani ya jamii yenyewe. Bango la kawaida la uzinduzi wa albamu hujaa majina: mgeni wa heshima, wachungaji, waimbaji waalikwa, mfawidhi wa sherehe, kila mmoja na kipicha chake, pamoja na wafadhili waliochangia. Jina la albamu huwa dogo kuliko la mgeni wa heshima, na pengine huachwa kabisa. Anayelitazama bango kwa macho ya ufundi peke yake atasema ni fujo. Hiyo si hukumu ya haki. Orodha ile ni adabu, tena ni hesabu: kila aliyetajwa huja na watu wake, na watu hao ndio watakaochangia. Kwa hakika karatasi hiyo si tangazo la albamu bali ni kadi ya mwaliko iliyokuzwa, na kama kadi inatimiza kazi yake. Kosa ni kuitarajia ifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Siku ya uzinduzi ikipita, majina ya wageni hayana maana tena, ilhali albamu ndiyo kwanza imezaliwa, na ukutani hakuna kinachoitaja.

Njia ya kutoka katika mkwamo huo imo katika sanaa ambayo Waswahili wanaijua tangu zamani. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maneno yake, ambayo hapo awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Pindo na mji huonekana kutoka mbali. Jina husomwa na aliye karibu. Kila masafa yana chake, na hakuna kimoja kinachomwingilia mwenzake. Bango nalo laweza kugawanywa hivyo: sehemu ya juu kwa anayepita, yenye jina la albamu, jina la mwimbaji na picha moja, sehemu ya chini kwa aliyesimama kungoja gari, na humo wageni wote waheshimiwe kwa herufi ndogo. Ulinganisho huu usisukumwe mno. Katika kanga maneno yanaweza kungoja kusomwa, kwa kuwa mvaaji yumo miongoni mwa wanaomjua, naye amekusudia yasomwe na mtu fulani. Bango halina mvaaji, nalo lisipotaja jina kutoka mbali, hakuna atakayelikaribia.

Kuhusu picha, hoja moja inatosha. Katika kaunti hii shuka nyekundu na shanga zimekuwa njia ya mkato: mwimbaji asiyeimba neno hata moja la Kimaasai huvishwa vazi hilo, na nyuma yake hupandwa mgunga na mlima, kana kwamba anawaalika watalii. Picha ya namna hiyo huahidi albamu ambayo haimo ndani ya albamu.

Ahadi hiyo ndiyo inayoleta suala la lugha ya nyimbo, ambalo huonekana wazi zaidi msafiri anapoiacha Kitengela na kufika Kajiado, makao makuu ya kaunti. Kitengela ni mji wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wakazi wake. Kajiado, Kimaasai kinasikika sokoni kila siku. Hata hivyo bango la kawaida katika miji yote miwili huandikwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, hata nyimbo zikiwa za Kiswahili au za Kimaasai, na msomaji hapewi ishara yoyote ya lugha atakayoisikia. Neno moja la Kimaasai kama Enkai, jina la Mungu, likiwekwa mahali pa jina la albamu, huieleza hadhira yake habari nzima: lugha, imani, na nani anayeambiwa. Lina herufi tano, na linaenea kwenye karatasi ile ile ya A2. Kiswahili nacho kina hazina ya maneno mafupi ya namna hiyo, hasa katika vitenzi vya kuamuru na vielezi, lakini wanaoitumia ni wachache.

Siku hizi tatizo limezidi kwa sababu bango husanifiwa kwanza kwa ajili ya simu, ambako hutazamwa likiwa kiganjani, kisha mchoro ule ule hukuzwa ukapelekwa ukutani. Kwenye kioo rangi zote hung'aa. Ukutani liko jua la nyanda za Kajiado, na wino wa manjano pamoja na ule wa waridi, ambao kwa pamoja ndio huifanya nyekundu, hufifia kabla ya buluu na nyeusi. Jina lililoandikwa kwa wino mweusi juu ya manjano hubaki likisomeka hata manjano ikipauka kuwa nyeupe. Jina lililoandikwa kwa nyekundu juu ya buluu, ambayo ndiyo mitindo ipendwayo, huyeyuka katika muda wa wiki chache. Na mpita njia huachiwa uso wa mwimbaji uliogeuka samawati, na chini yake namba ya simu.