Je, Serikali Iliinyang'anya Kampuni?

Sisi watu wa Kalima tunaishi juu ya machimbo. Kwa hiyo ubishi uliotokea Marekani mwaka 2010 juu ya kampuni na mafuta yaliyomwagika watuhusu kuliko tunavyodhani.

Tarehe 20 Aprili mwaka huo mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko. Wafanyakazi 11 wakafa. Kisima chake, mali ya kampuni BP ya Uingereza, kikatapika petroli baharini siku 87. Wavuvi wakakatazwa kuvua, wenye hoteli wakakosa wageni. Tarehe 16 Juni Rais Obama akawaita wakubwa wa BP nyumbani mwa Rais, nao wakatoka wamekubali kuweka dola bilioni 20 kwa ajili ya waliopata hasara. Kesho yake Joe Barton, mbunge wa Texas, akamwomba radhi mkubwa wa BP, Tony Hayward, mbele ya Bunge. Akasema kwamba Rais ameikamua kampuni kwa vitisho. Siku ile ile, wenzake wa chama walipomkaripia, akayafuta maneno yake.

Wengi walimcheka. Mimi sikumcheka upesi. Rais si hakimu. Sheria yao ya mwaka 1990 yamlazimisha mwenye kisima kulipa, lakini iliweka mpaka wa dola milioni 75 kwa hasara za namna hii, isipokuwa pakiwa na uzembe mkubwa. Basi bilioni 20 zilitoka kwa nguvu ya meza, si kwa hukumu. Na sisi Wakongo twajua desturi ya ofisi: ikizoea kumwambia mwenye mali kubwa "toa", kesho itamwambia vivyo hivyo mwenye baiskeli ya mizigo katika njia ya Kindu.

Lakini Barton alisahau jambo moja. Mahakama pia yaweza kumwonea mtu, kwa kukawia tu. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilimwaga petroli kule Alaska. Kesi ya adhabu ya fedha ilikwisha mwaka 2008, tena Mahakama Kuu ikaishusha toka dola bilioni 2.5 hata kama milioni 507. Miaka 19! Wavuvi wengine walikuwa wamekwisha zikwa. Je, nani alimwomba radhi mjane wa mvuvi?

Tena zile fedha za BP hazikuingia katika sanduku la serikali. Zilisimamiwa na Kenneth Feinberg, mtu wa sheria. Hapo ndipo naona tofauti ya kunyang'anya na kulipisha. Hata hivyo wanaomsifu Obama wasipige makofi mno. Mwisho wa 2010 mtu aliyetaka malipo ya haraka alipewa dola 5,000, mwenye biashara 25,000, kwa sharti la kutia sahihi kwamba hatashtaki tena. Mwenye njaa husoma vibaya karatasi ya namna hiyo. Barton hakulisema hilo, ingawa lilikuwa vitisho hasa.

Kwetu Kongo, tarehe 4 Novemba 2025, maji machafu ya kampuni CDM yalifurika katika mitaa ya Lubumbashi. Waziri wa Migodi, Louis Watum, aliisimamisha miezi mitatu na kuiagiza itengeneze iliyoharibu. Mkono mgumu, vema. Lakini kusimamisha kampuni si kumlipa aliyeingiliwa na maji nyumbani. Maswali yangu ni haya: fedha zinashikwa na nani? Daftari la majina husomwa hadharani? Mama asiyejua kuandika anawekewa nini mbele yake atie kidole?

Hapa Kalima swali hilo limechelewa. Symétain iliyochimba kasiteriti yetu iliingia katika SOMINKI mwaka 1976, nayo SOMINKI ikafa katika miaka ya 1990. Mashimo yapo. Wakubwa wa kuitwa mezani hawapo.