Kitako cha Mviringo: Uhakiki wa Vigezo vya Kupimia Vyungu vya Mwambao wa Ziwa Viktoria

Mtungi wa maji uliofinyangwa kwa mkono katika mwambao wa Ziwa Viktoria hausimami juu ya meza. Huyumba, kisha hulala ubavu. Jambo hili laonekana dogo, lakini linafichua udhaifu wa vigezo ambavyo uhakiki wa ufinyanzi umezoea kuvitumia, kwa kuwa vigezo hivyo vilikuzwa na vyombo vinavyosimama vyenyewe: gudulia, birika, chombo cha maua.

Kijiji cha La Borne, katika jimbo la kale la Berry nchini Ufaransa, ni mfano bayana. Kwa karne kadhaa wafinyanzi wake walitengeneza vyombo vya kuhifadhia mafuta, chumvi na vyakula. Udongo wa huko huhimili joto linalokaribia nyuzijoto 1,300 katika tanuri la kuni, ukawa mgumu kama jiwe, nayo majivu huyeyuka na kuacha utando wa kioo juu yake. Katika miaka ya 1940 walihamia huko wasanii, wakiwamo Jean na Jacqueline Lerat pamoja na Vassil Ivanoff, na chombo cha ghalani kikapata hadhi ya sanaa yenye jina la mtu. Mnunuzi wa vitu vya kale hukipima kwa ugumu wake, utando wake na sahihi iliyo kitakoni.

Vigezo hivyo vikipelekwa Mwanza, kila chungu kinashindwa. Hakina utando, hakina sahihi, hupitisha maji, na kimechomwa juu ya ardhi kwa kuni na nyasi, kwa joto ambalo kwa kawaida halifiki nyuzijoto 1,000. Hitimisho la haraka ni kwamba watu wa ziwani hawakuujua moto mkali. Hitimisho hilo halina mashiko. Magharibi mwa ziwa, katika nchi ya Wahaya, utafiti wa Peter Schmidt ulionyesha kuwa jamii zilizotumia vyungu vya Urewe, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, zilifua chuma kutoka kwenye mawe yake, kazi inayohitaji joto linalozidi nyuzijoto 1,100. Ni kweli kwamba mhunzi si mfinyanzi, na si kila udongo unaovumilia joto hilo. Hata hivyo chungu chenye mchanga au vigae vilivyosagwa ndani ya udongo wake, kilichochomwa kwa joto la wastani, huvumilia mwali wa moja kwa moja. Chombo cha La Borne kikitelekwa juu ya mafiga kina hatari kubwa ya kupasuka. Maji yanayopenya ukuta wa mtungi huvukizwa na hewa, na hivyo kuyapoza yaliyobaki ndani. Kinachohesabiwa kuwa kasoro ndiyo kazi yenyewe ya chombo.

Wanaakiolojia hawakupima kwa jicho la mnunuzi, lakini nao waliutazama mwili wa chungu kwa uchache. Mwaka 1948 Mary Leakey, Walter Owen na Louis Leakey walichapisha maelezo ya vyungu vya Kavirondo ya Kati, Kenya, wakavipa jina kutokana na kibonyeo kilicho katikati ya kitako. Jina lilikuwa na tatizo, kwani si kila chungu cha kundi hilo kina kibonyeo; baadaye Merrick Posnansky alipendekeza jina la Urewe, mahali palipo Siaya. Uchunguzi wa Soper na Golden katika mkoa wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 1969, ulifanya kazi muhimu ya kuorodhesha maeneo. Lakini katika mapokeo haya mdomo uliochongwa pembe na mifereji inayopinda chini ya shingo ni alama za kupangia nyakati na uhamaji. Mkono uliochora mifereji hiyo haujadiliwi.

Kitako nacho kina maelezo yake. Gurudumu la mfinyanzi huzaa kitako bapa; kujenga kwa mikunjo ya udongo na kuipigapiga huruhusu mviringo. Mviringo huo hukaa juu ya mafiga matatu, juu ya kata kichwani, au katika shimo dogo la mchanga. Chungu kinachooneshwa juu ya pete ya chuma kimetenganishwa na nusu yake.

Katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Hapo kifaa cha kukalia kimeonwa kuwa umbo linalostahili kuwa jengo. Uhakiki wa vyungu haujathubutu kiasi hicho.

Suala hili linamgusa pia mfinyanzi aliye hai. Ndoo ya plastiki na sufuria zimemnyang'anya sehemu kubwa ya soko, na mnunuzi wa mapambo aliyebaki anataka kitako bapa. Akikibapaza, chombo hakitulii tena juu ya mafiga wala kwenye kata. Mtafiti anayeorodhesha vyungu vya mwambao huu hana budi kupima, pamoja na kimo na upana wa mdomo, nafasi iliyo kati ya figa na figa, na unene wa kata iliyokibeba.