Mlio wa Mvua Kibanjani: Juu ya Kuchora Mandhari

Mwalimu anapowataka wanafunzi wake waeleze mandhari ya kijiji chao, mara nyingi hupokea madaftari arobaini yenye asubuhi moja: jua linachomoza, ndege wanaimba, upepo mwanana unavuma, na wakulima wanakwenda mashambani kwa furaha. Haidhuru shule iwe Kanazi, Kilosa au Kilwa. Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, na ndiyo maana hupata alama. Lakini hazina mahali. Ukiichukua aya ya namna hiyo kutoka Bukoba ukaipeleka Dodoma, haipotezi kitu njiani, kwa kuwa haikubeba kitu.

Na tuitazame Kanazi yenyewe, ambako Mukama Kahigi wa Kihanja alikuwa na makao yake katika zama za Wajerumani. Mpita njia aliye barabarani ataona migomba, naye ataandika kwamba nchi ni ya kijani kibichi. Hilo ni kweli, wala halitoshi. Kibanja hakijulikani kwa jicho peke yake. Nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba ili kuhifadhi unyevu humeza kishindo cha miguu, hata mgeni akafika uani kabla hajasikika. Mvua husikika juu ya majani mapana kabla haijagusa bega la mtu. Na ikisha kukatika huko juu, chini ya migomba matone huendelea kuanguka kwa kitambo. Sehemu hiyo ya ukingo wa ziwa hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka: mwandishi asiyeisikia mvua hiyo hajaandika juu ya Bukoba. Kahawa ya robusta huanikwa pamoja na maganda yake. Kwanza hutoa harufu ya uchachu, kisha, ikikauka, hulia kama changarawe kila inapogeuzwa. Mtoto wa Kanazi anayajua haya yote. Anapoketi kuandika insha, huyaacha mlangoni.

Kwa nini huyaacha? Nadhani sababu moja ni vitabu. Fasihi andishi ya Kiswahili ilikulia pwani, ikatajirika kwa minazi, majahazi, kusi na kaskazi. Huo ni urithi wetu sote, wala hatuna haja ya kuuonea haya. Lakini mwanafunzi wa bara amejifunza kwamba Kiswahili fasaha kinanuka chumvi, hata akaandika mawimbi ya bahari ilhali Ziwa Viktoria liko mbele yake. Mwalimu naye akikutana na neno "rweya" hulipiga mstari mwekundu na kuandika "mbuga" juu yake. Sivyo. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, mahali pa kulishia ng'ombe na kukatia nyasi. Anayesema mbuga amemletea msomaji twiga na pundamilia. Wala mwandishi halazimiki kulifasiri neno kama kamusi. Amwonyeshe mwanamke akirudi kutoka rweya na mzigo wa nyasi kichwani, na msomaji wa Mtwara atakuwa amekwisha kuelewa.

Aniceti Kitereza alilijua jambo hili vizuri kuliko wengi wetu. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba Kitereza hueleza kila kazi kwa urefu unaochosha. Mahali pengine wana haki. Lakini katika habari ya pombe ya ndizi lawama hiyo haisimami, maana pombe hiyo ni faini anayodaiwa Myombekere na wakwe zake ili arudishiwe mkewe. Kila hatua ya kuitengeneza ni hatua ya Bugonoka kurudi nyumbani. Hapo uchoraji wa mandhari haukuwekwa kando ya kisa, ndio kisa.

Bila shaka si kila kazi inadai haya. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nchi iliyo angani. Kuitafutia harufu ya udongo ni kuionea. Na wapo wanafunzi ambao, wakisha kuambiwa watumie milango mitano ya fahamu, huiita yote kwa zamu kama mahudhurio ya darasani: niliona, nikasikia, nikanusa, nikaonja, nikagusa. Sauti moja iliyo mahali pake yatosha.

Tena iwe sauti ya leo. Kuichora Kanazi kwa nyumba za msonge na vazi la lubugo, kana kwamba watu wangali wakiishi hivyo, ni kuandika jumba la makumbusho. Kibanja chenyewe kimepatwa na mambo. Mnyauko wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006: ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani, na shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano. Migomba yenye ugonjwa hung'olewa na kufukiwa. Mwanafunzi aliyeishi katika nyumba iliyofikwa na hayo hahitaji kutuambia kwamba familia ilihuzunika. Mwanga unaingia uani mchana kutwa. Mvua ni ile ile, lakini haina tena jani la kupiga.