Utata wa Maneno ya Kiingereza na Wajibu wa Mfasiri: Mfano wa Macbeth

Neno la Kiingereza lenye maana zaidi ya moja aghalabu huhesabiwa kuwa kikwazo kwa mfasiri. Hata hivyo, tangu William Empson alipochapisha Seven Types of Ambiguity mwaka 1930, wahakiki wengi wameuchukulia utata kuwa sehemu ya utajiri wa lugha ya kifasihi. Kwa hiyo, mhakiki wa tafsiri hana budi kuuliza ni utata upi uliopotea, na umepotea pamoja na nini. Macbeth ya Shakespeare, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, inalifaa swali hili kwa kuwa msuko wake umejengwa juu ya kauli zenye maana mbili.

Utata wa kwanza ni wa sauti. Lady Macbeth anapokusudia kuwapaka damu watumishi wa Duncan, anachezea neno 'gild', kupaka dhahabu, na 'guilt', hatia. Maneno haya yanakutana katika matamshi tu. Kiswahili hakina jozi kama hiyo. Lakini ingawa ukali wa mzaha hupungua, tendo la kitamthilia halidhuriki.

Wa pili ni wa neno 'done', ambalo hubeba kutendwa na kwisha kwa pamoja. Macbeth anatamani uuaji ukishatendwa uwe pia umekwisha. Kiswahili humlazimu mfasiri kutumia vitenzi viwili, na hivyo kuyatenga matumaini na shaka ambavyo Kiingereza kimevifunga katika neno moja.

Utata wa tatu ndio mzito zaidi. Mzuka unamwambia Macbeth kwamba hatadhuriwa na yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Yeye anasikia 'binadamu yeyote'. Kumbe Macduff alitolewa tumboni mwa mamaye kwa kupasuliwa. Mfasiri akiandika 'binadamu' au 'mwana wa mwanamke', utabiri unageuka kuwa uongo mtupu, kwani Macduff ni binadamu na ni mwana wa mamaye. Macbeth naye anageuka kuwa mtu aliyelaghaiwa tu, ilhali katika matini asilia amejichagulia maana inayompendeza.

Hapa Kiswahili kina nyenzo zake. 'Zaliwa' ni kauli ya kutendwa ya 'zaa', na kiunganishi 'na' humtaja mtenda. Katika mazungumzo ya kawaida kila mtu amezaliwa. Kwa maana finyu, mtoto aliyetolewa kwa kisu hakuzaliwa na mwanamke, kwa kuwa mama si mtenda wa tendo hilo. Maana zote mbili zimo katika kitenzi kimoja, na pengine mtenda husikika waziwazi zaidi kuliko katika 'born', neno ambalo Waingereza wengi wa leo hawalihusishi tena na 'bear'.

Tafsiri ya Macbeth, basi, haistahili kupimwa kwa idadi ya mizaha iliyookolewa. Kipimo chake ni iwapo utata unaobeba dhima ya mhusika umebaki mahali pake, ili hadhira ya Kiswahili nayo ipate nafasi ya kukosea pamoja na Macbeth.