Heko kwa Mhandisi Aliyeshika Kalamu

Wahandisi wengi huandika ripoti zinazosomwa na wahandisi wenzao. Henry Petroski, mzaliwa wa New York aliyefundisha uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Duke, aliandikia sisi wengine.

Kitabu chake cha 1985, To Engineer Is Human, kinachambua ajali ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City. Julai 1981, madaraja mawili ya watembea kwa miguu yaliyoning'inia ukumbini, moja juu ya jingine, yaliporomoka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulitaka nondo ndefu zitoke darini na kupita madaraja yote mawili. Zikatumika fupi, daraja la chini likaning'inizwa kwenye la juu. Ni kama watu wawili walioshika kamba moja, kisha wa chini aiachie na kumng'ang'ania mwenzake miguu: kamba haioni tofauti, lakini mikono ya wa juu sasa inabeba wawili. Nati za daraja la juu zikabebeshwa mzigo maradufu.

Mwandishi asiye fundi angeishia kwenye vilio na lawama, na angesomwa. Petroski aliuliza kwanza mzigo unapita wapi. Swali hilo ndilo alilotoka nalo kwenye uhandisi, na ndilo ninalompongezea.

Mwaka 1990 akatoa kitabu kinene kuhusu penseli. Ndiyo, penseli! Kufundisha hakuacha.