Lafudhi na Kicheko: Kumbukumbu za Televisheni ya Pamoja Nchini Kenya

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya umejishughulisha kwa muda mrefu na maandishi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) na Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981) zimechambuliwa madarasani mwaka baada ya mwaka, nazo zastahili. Hata hivyo, tamthilia ya Kiswahili ambayo pengine imepata hadhira kubwa kuliko zote nchini haisomwi kitabuni. Nayo ni ile michezo ya vichekesho ya televisheni, hasa Vioja Mahakamani na Vitimbi, iliyojulikana tangu enzi za Sauti ya Kenya na kuendelezwa na Shirika la Utangazaji la Kenya baada ya idhaa hiyo kubadilishwa jina na muundo mwaka 1989. Mhakiki anayetaka kuichambua leo hana matini ya kushika mkononi. Alicho nacho kwa wingi ni kumbukumbu za watazamaji, na kumbukumbu hizo zina kanuni zake, kama ulivyo utanzu wowote wa masimulizi.

Kanuni ya kwanza ni ya mandhari. Msimulizi aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990 aghalabu huanzia nyumbani kwa jirani, maana kwao hakukuwa na televisheni. Viatu huachwa mlangoni. Watoto huketi sakafuni, wakubwa vitini. Televisheni yenyewe imefunikwa kitambaa cha kufuma, au imo ndani ya kabati lenye milango na kufuli, na ufunguo anao baba mwenye nyumba. Pasipo na umeme huendeshwa kwa betri ya gari, na betri ikiisha nguvu mchezo hukatika pale pale ulipokolea. Picha ikijaa chenga, kijana mmoja hutumwa nje kuuzungusha mlingoti wa antena. Huko aliko huuliza kwa sauti kama sasa yaonekana, na walio ndani humjibu wote kwa pamoja. Wapenzi wakikaribiana kubusiana, mkubwa mmoja huwaamuru watoto wafumbe macho. Vipengele hivi hujirudia katika simulizi za Kakamega, za Nyeri na za Machakos kwa mfuatano ule ule, hata yamkini wapo waliokuwa na televisheni kwao ambao sasa huikumbuka ya jirani. Mtambaji hawezi kuingia katika ngano pasipo paukwa yake.

Mambo hayo yalitendeka. Hakuna haja ya kuyatilia shaka. Linalohitaji kutiliwa shaka ni maana inayopachikwa juu yake. Wasimulizi wengi huyataja ili kuthibitisha kwamba zamani Wakenya walikuwa kitu kimoja, na kwamba wingi wa vituo vya leo umewatawanya. Umoja huo, kwa sehemu kubwa, ulikuwa umoja wa uhaba. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, kabla ya uhuru. Serikali ikaitwaa idhaa mwaka 1964. Na hadi 1990, kituo cha KTN kilipoanza jijini Nairobi, hakukuwa na kituo cha pili. Aliyetaka kutazama alitazama alichopewa, ikiwa ni pamoja na taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja jioni na ya Kiingereza saa tatu usiku, ambazo kwa desturi zilianza na shughuli za Rais za siku hiyo. Kadhalika, kikao chenyewe kilikuwa na matabaka yake. Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa na mamlaka ambayo hakuwa nayo kisimani wala kanisani. Msimulizi husema kwamba sote tulitazama. Katika "sote" hiyo hayumo mtoto aliyechungulia dirishani kwa sababu mama yake alikuwa amekosana na mwenye nyumba.

Jambo la ajabu zaidi, na lenye faida zaidi kwa mhakiki, ni kile ambacho kumbukumbu hizi hukihifadhi baada ya mandhari kwisha. Muulize msimulizi akueleze msuko wa mchezo mmoja tu wa Vitimbi, tangu mwanzo hadi mwisho. Atababaika. Lakini mtaje Mzee Ojwang', naye papo hapo atabadili sauti yake, atabana koo, ataikunja midomo, na Ojwang' atakuwa ameingia chumbani. Vivyo hivyo kwa Mama Kayai, kwa Makokha, kwa Otoyo na kwa Ondiek Nyuka Kwota. Kilichobaki ni sauti, na sauti hiyo ni lafudhi. Hii ni kumbukumbu ya sikio, nayo yaonyesha ni wapi fani ya michezo hii ilipokuwa. Wale waliotafuta fani katika msuko hawakuiona, wakatoa hukumu kwamba haipo.

Hukumu hiyo ilitolewa mara nyingi, tena na watu wenye nia njema. Wapo walimu na wataalamu walioshikilia kwamba vichekesho hivi viliharibu Kiswahili wakati kilipokuwa kikipigania nafasi yake. Kipindi chenyewe kinaieleza hofu hiyo. Kiswahili kilifanywa lugha ya Bunge mwaka 1974. Tangu 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Ilikuwaje basi mtoto afundishwe sarufi asubuhi na jioni amsikie mtu mzima akiivunja kwa raha? Hoja hii ingekuwa na uzito kama mvunjaji angekuwa ameivunja kwa kutojua. Lafudhi za michezo hii zilikuwa kazi ya usanii iliyopimwa kwa uangalifu. Msemaji wa Dholuo, ambayo haina sauti sh wala z, huelekea kuzitamka zote mbili kama s. Lugha ya Kikamba haina r, kwa hiyo karani huwa kalani. Gikuyu haina l, kwa hiyo kulala huwa kurara, na b au g ya Kiswahili hutanguliziwa nazali hata gari likawa ngari. Katika baadhi ya lahaja za Kiluhya vipasuo ghuna hupoteza mghuno, na gari lilo hilo huwa kari. Mwigizaji aliyezichanganya kanuni hizi angezomewa na watazamaji kabla ya mtaalamu yeyote wa fonolojia. Kwa mtazamaji wa bara ambaye hakuwahi kuondoka wilayani kwao, vichekesho hivi vilikuwa mahali pa kwanza alipowasikia wenzake wakisema Kiswahili jinsi wanavyokisema kweli, si jinsi kinavyosomwa na mtangazaji wa habari.

Hata hivyo kusikia si kuheshimu, na hapa ndipo Vioja Mahakamani na Vitimbi zinapoachana, ingawa kumbukumbu huziweka katika kapu moja.

Umbo la Vioja ni umbo la kesi. Mashtaka husomwa, mshtakiwa hukana au hukiri kwa maneno yanayomfunga zaidi, mashahidi hupanda kizimbani, hakimu hutoa hukumu. Umbo hili halibadiliki, na katika kutobadilika huko mna raha yake, kwani hadhira yangojea tu kujua safari hii mtu atajitetea vipi. Mna pia jambo la kijasiri ambalo halikupewa sifa linayostahili. Kwa mujibu wa sheria za Kenya, lugha ya Mahakama Kuu ilikuwa Kiingereza, na mahakama za chini zilitumia Kiingereza au Kiswahili. Mwananchi wengi walimsikia hakimu wa kweli kupitia kwa mkalimani. Vioja ilimpandisha Kiswahili kitini. Sheria, kiapo, ushahidi na hukumu vyote vilisemwa kwa lugha ambayo mshtakiwa aliielewa bila kutafsiriwa, miaka mingi kabla ya Katiba ya 2010 kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Lakini tazama mgawanyo wa lugha hiyo. Hakimu na mwendesha mashtaka wanasema Kiswahili kilichonyooka, kisicho na kabila. Kabila lote limo kizimbani. Anayecheka hucheka akiwa upande wa kiti, na hata mtazamaji ambaye lafudhi yake ndiyo inayoigizwa hulazimika kuhamia upande huo kwa muda ili naye acheke. Isitoshe, anayesimama kizimbani ni mlevi, mwizi mdogo, tapeli wa sokoni; mnyonge hushtakiwa na mwenye mali na madaraka hatajwi. Halikuwa jambo la ajali. Leseni ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliondolewa mwaka 1977, na jukwaa la Kamirithu likabomolewa mwaka 1982. Idhaa ya serikali isingeweza kumweka kizimbani waziri. Rais hakuigwa na kuchekwa katika televisheni ya Kenya hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Redykyulass lilipojitokeza.

Vitimbi haina hakimu. Huo ndio ubora wake, na kwa sababu hiyo ndiyo kazi bora kati ya mbili hizi, japo msuko wake mara nyingi ni wa ovyo na michezo yake mingine hurefushwa kuliko kisa kinavyoweza kubeba. Nyumbani kwa Ojwang' na Mama Kayai hakuna anayesema Kiswahili cha kitini. Kila mmoja ana lafudhi yake, na hakuna aliye juu anayeisahihisha. Kicheko basi hakina budi kutafuta chanzo kingine, nacho hukipata katika tabia: mume anayejiita bwana wa nyumba asiyeweza kuitawala, mwenye hila ambazo mkewe amezing'amua kabla hazijaiva, mwenye hasira kubwa kuliko nguvu zake. Mtazamaji humcheka Ojwang' kwa kuwa amemjua kwao. Lafudhi imekuwa vazi la mhusika, wala si kosa lake.

Jambo lenyewe lathibitishwa na mwigizaji. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang', alikuwa Mgikuyu. Alijifunza Kiswahili cha Mjaluo kwa sikio, akakisema kwa miaka mingi kwa ustadi ambao wengi hawakuutambua kuwa ustadi, kwa maana walidhani ni mdomo wake wa kuzaliwa. Alipofariki Julai 2015 wapo waliokuwa wakimtazama tangu utotoni ambao ndipo kwanza walipojua asili yake. Wataalamu waliolalamikia Kiswahili kibovu walikuwa wakilalamikia Kiswahili ambacho msemaji wake alikitunga. Kosa la namna hiyo mtu hulisamehewa mtazamaji wa kawaida. Kwa mwanaisimu ni zito.

Je, kumbukumbu za umoja basi ni za uongo? Hapa wasimulizi na wapinzani wao wote huenda mbio mno. Michezo hii ilikuwa ikitazamwa wakati watu walipofukuzwa mashambani Molo na Burnt Forest katika mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 jina la mtu na lugha ya mama yake viliweza kumgharimu maisha, na bila shaka miongoni mwa waliotenda na waliotendwa walikuwamo waliowahi kuketi sakafu moja wakimcheka Ojwang'. Mwenye kudai kwamba kicheko kiliwaunganisha Wakenya ana deni la kueleza hilo. Upande wa pili, mwenye kudai kwamba uigaji wa lafudhi ndio uliopanda mbegu ya chuki hana budi kueleza kwa nini kaya za Nyanza zilimpokea Ojwang' kama jamaa, ilhali zingeweza kumwona kama tusi. Yaelekea sikio lilifunzwa kitu ambacho siasa haikukitaka wala haikuweza kukifuta: uwezo wa kumtambua mwenzio kwa sauti. Kutambua huko kwaweza kutumiwa mezani na kwaweza kutumiwa kizuizini barabarani. Vioja ilikufundisha kwa kuweka mtu chini ya mwingine. Vitimbi ilikufundisha bila kufanya hivyo. Tofauti hii ni ya fani, na ni kazi ya mhakiki kuieleza, si ya mwanasiasa.

Kazi hiyo ina haraka yake. Wanjau alipougua macho katika miaka yake ya mwisho, wananchi walichangishana fedha atibiwe; sanaa iliyowachekesha kwa miaka thelathini haikuwa imempa akiba. Waigizaji wenzake wa kizazi kile wanazidi kupungua. Vipande vya michezo vinavyozunguka kwa watazamaji ni vichache, vimekatwakatwa, na mara nyingi havina mwaka wala majina ya waliovitunga. Miswada, pale ilipokuwapo, haijatafutwa na idara yoyote ya Kiswahili kwa bidii inayotumiwa kutafuta tenzi za karne ya 19. Kwa sasa nakala iliyo kamili kuliko zote ya sauti ya Ojwang' imo vinywani mwa watu wa makamo, kila mmoja na yake, na hakuna aliyekwenda kuzirekodi ili zilinganishwe.